Kiporo cha Askari Wasiopakwa Rangi

Kiporo, kwa maana yake ya asili, ni chakula kilicholala. Ugali au wali wa jana ukipashwa moto asubuhi na kuliwa kwa chai, hakuna anayeona haya, na watoto aghalabu huufurahia kuliko mkate. Lakini Waswahili wamelitoa neno hili jikoni na kulitembeza kila mahali. Mechi iliyoahirishwa ni kiporo. Kesi isiyosikizwa ni kiporo. Madaftari yaliyolala mezani pa mwalimu bila kusahihishwa nayo ni kiporo. Tofauti ni moja tu: kiporo cha chakula huisha kwa mlo mmoja, ilhali kiporo cha kazi huzaana.

Leo namwomba msomaji anifuate hadi Uingereza, tukatazame kiporo ambacho huenda wengi wetu hatujawahi kukisikia: majeshi ya askari wadogo wa kuchezea wanaongoja kupakwa rangi. Iwapo kuna atakayeuliza mwalimu wa Kitui ana udugu gani na askari wa plastiki wa Nottingham, ninamsihi avute subira. Udugu upo.

Mchezo wa vita vya mezani una historia ndefu. Mwaka 1824, afisa wa jeshi la Prusia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa ramani na vipande vidogo uliokuja kutumiwa kuwafunza maafisa wa kijeshi. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, kilichowaonyesha raia namna ya kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni kwa mizinga midogo ya springi. Wells alitaraji kwamba vita hivyo vidogo vingewafumbua watu macho waone upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vikaja.

Askari wa zama za Wells walitoka dukani wakiwa wamekwisha kupakwa rangi. Wa leo sivyo. Kampuni mashuhuri zaidi katika biashara hii ni Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo makao yake makuu sasa yako Nottingham. Mchezo wake wa Warhammer ulitoka mwaka 1983, na ule wa Warhammer 40,000 mwaka 1987. Biashara imestawi hata, mnamo Desemba 2024, kampuni hiyo ikaingia katika orodha ya makampuni mia moja makubwa ya soko la hisa la London. Wanunuzi wake wengi ni watu wazima wenye kazi na jamaa.

Askari hao, wenye kimo kisichozidi sana kidole gumba, huuzwa wakiwa vipande vipande kwenye fremu za plastiki ya kijivu. Mnunuzi huvikata, huvikwangua, huviunga kwa gundi, kisha humpaka askari rangi ya msingi. Rangi ya msingi ikikauka, hufuata rangi za nguo, ngozi na silaha. Kisha humwagiwa rangi ya majimaji inayotuama katika mikunjo na kuleta kivuli, halafu sehemu zilizoinuka huguswa kwa rangi nyepesi ili zing'ae. Mwisho hutengenezewa ardhi ya kusimamia, penye mchanga na majani. Askari mmoja aweza kula saa nzima. Kwa fundi mwenye kuchagua, aweza kula jioni kadhaa. Sanduku la askari kumi hununuliwa kwa dakika tano.

Hapo ndipo kiporo kinapozaliwa. Mkono unaonunua una mbio kuliko mkono unaopaka rangi. Tuchukue mfano wa mtu anayenunua askari 20 kila mwezi na kupaka rangi 12. Hakuna atakayemwita mvivu, maana kila mwezi ana kazi ya kuonyesha. Hata hivyo, kila mwezi 8 husalia. Mwaka ukiisha ana 96, na miaka mitano ikiisha ana 480, wote wa kijivu, wote kabatini. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hakiulizi kinajazwa nini.

Wapenzi wa mchezo huu wanaozungumza Kiingereza wamekipa kiporo chao jina ambalo kwa lugha yetu ni "lundo la aibu". Wengine, kwa kutaka kujifariji, huliita lundo la fursa. Kwa maoni yangu majina yote mawili hupotosha. Aibu humfanya mtu afunge kabati asilitazame lundo lake, na asichokitazama hawezi kukipunguza. Fursa nayo humdanganya kwamba kumiliki ni hatua ya kwanza ya kutenda. Wajapani hawakutoa hukumu, walitoa jina tu: wana neno tsundoku, la tangu karne ya 19, kwa maana ya kununua vitabu na kuviacha virundikane bila kusomwa.

Tatizo lenyewe ni kwamba kununua kunafanana mno na kutenda. Anayenunua jeshi huhisi amekwisha kuwa jemadari. Mwanafunzi anayenunua vitabu vitatu vya marudio kabla ya mtihani huhisi mzigo umepungua, ilhali ameongeza kurasa mia nne za kusoma. Mwalimu anayekusanya mitihani ya kila kaunti huhisi amejiandaa. Fedha imetoka na mkoba umejaa, lakini brashi bado ni kavu.

Basi wanaofaulu kulimaliza lundo hufanyaje? Mbinu zao nimeziona kuwa nne, na hakuna hata moja iliyo ya siri.

Kwanza, huhesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lundo lisilohesabiwa huonekana kubwa kuliko lilivyo. Yule mwenye askari 480, akipaka watano tu kwa juma bila kununua wengine, atamaliza kwa majuma 96. Haijatimu miaka miwili. Jambo lililoonekana muhali limekuwa kazi yenye tarehe.

Pili, hufunga bomba kabla ya kupangusa sakafu. Jarida la White Dwarf, linalotolewa na kampuni hiyo tangu mwaka 1977, lilichapisha katika miaka ya 1990 mfululizo wa makala kuhusu wachezaji wanne waliojenga majeshi yao mwezi baada ya mwezi, kila mmoja kwa kiasi maalumu cha fedha. Mfululizo huo ulipendwa, na wazo lake limeigwa sana na wachezaji wengine, kwa kuwa lilivitia mfuko na brashi katika mwendo mmoja.

Tatu, hufanya kazi kwa mafungu madogo. Huchukua askari watano au kumi, wakapakwa wote suruali, kisha wote mikanda, kisha wote viatu, wala fungu la pili haliguswi mpaka la kwanza liishe. Mshika mbili moja humponyoka.

Nne, hukubali kiwango kinachotosha. Askari wa mezani hutazamwa kutoka umbali wa mkono, hivyo si lazima mboni ya jicho lake ionekane. Kanuni za Warhammer 40,000 zilizotolewa mwaka 2020 zilimpa mchezaji alama 10 kati ya 100 kwa kuleta jeshi lote lililopakwa rangi kwa kiwango cha kawaida tu. Hazikudai usanii. Zilidai ukamilifu wa kazi. Aidha, wenye busara huwagawa au kuwauza askari ambao wanajua hawatawapaka kamwe. Kuacha kwa makusudi nako ni kumaliza.

Sasa turudi darasani. Mwalimu wa Kiswahili mwenye madarasa manne ya wanafunzi 50 akitoa insha moja, amejinunulia madaftari 200. Akiyapa dakika sita kila moja, bila kunywa maji wala kuinua kichwa, zitamtoka saa 20. Insha ya pili hutolewa kabla ya ya kwanza kurudi. Kabati linajaa.

Lakini hapa mfano wetu unafikia ukomo, na ukomo huo ndio unaonifanya niandike. Askari wa plastiki hawaozi. Ukimwacha miaka kumi kabatini atakungoja kama ulivyomwacha. Insha ya mtoto huoza. Ikirudi siku ya tatu, mtoto anakumbuka kwa nini aliandika sentensi ile na atalielewa kosa lake. Ikirudi baada ya mwezi atatazama alama nyekundu chini ya ukurasa, afunge daftari, na kosa lile ataendelea nalo hadi chumba cha mtihani. Kiporo cha mwalimu hulipwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo zile mbinu nne zinamhusu mwalimu kuliko zinavyomhusu mcheza vita. Ahesabu madaftari kabla ya kutoa zoezi. Atoe aya moja badala ya kurasa mbili iwapo aya ndiyo atakayoweza kuisoma. Akusanye darasa moja kwa juma, si manne kwa siku. Achague kosa moja, tuseme upatanisho wa kisarufi, alisahihishe kwa wote na kuyaacha mengine kwa zamu yake. Mkaguzi anayedai kila mstari wa kila daftari uwe na wino mwekundu anadai mboni za macho kwa askari wa kutazamwa kwa mbali.

Hata hivyo, sitaki kumtwisha mwalimu lawama isiyo yake. Mcheza vita alilinunua lundo lake kwa hiari. Mwalimu hakuchagua darasa la wanafunzi 50. Wanaoajiri na kuwagawa walimu wanapaswa kujua kwamba kumhimiza mtu mmoja aongeze bidii mbele ya madaftari 200 ni kumpa brashi moja na kumwambia apake rangi kikosi kizima kabla ya mapambazuko. Bidii haizidishi saa za usiku.

Na wewe mwanafunzi, usinunue kitabu cha nne. Fungua cha kwanza, usome kurasa tano leo na tano kesho. Haba na haba ndiyo iliyolijaza kabati, na bandu bandu huisha gogo. Mwendo ni ule ule mdogo mdogo. Kinachobadilika ni upande tunaouelekea.