Je, Wajua? Kidogo cha Kiingereza kina vijiko vyake

Mchina anapoomba chumvi, siki au maziwa kidogo, neno yìdiǎnr humtosha kwa vyote. Akianza kujifunza Kiingereza, mambo hubadilika. Chumvi inayobanwa kwa ncha za vidole viwili ni “pinch”. Siki inayomiminwa mara moja, upesi, ni “dash”. Kinachovutia zaidi ni kwamba Marekani huuzwa vijiko vidogo sana vyenye majina hayo. Kwa kawaida “dash” ni 1/8 ya kijiko cha chai, “pinch” 1/16, na “smidgen” 1/32, yaani pilipili kidogo sana tu. “Tad” nayo ni 1/4, na nje ya jiko husikika pia, kwa mfano mtu anapochelewa kidogo.