Jenereta ya Akiba (Sehemu ya 3): Oili Huchakaa Hata Injini Ikilala

Tarehe 1 Aprili 2025 kampuni ya serikali, UEDCL, ilipokea kazi ya kusambaza umeme nchini Uganda kutoka kwa kampuni ya Umeme, iliyokuwa imemaliza mkataba wake wa miaka 20. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 2024, bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi. Kwa hesabu hiyo, jenereta za Wandegeya, mtaa wa Kampala, zingekuwa zimeshauzwa kama vyuma chakavu. Bado zipo. Kandokando ya Barabara ya Bombo, nyuma ya maduka ya fotokopi yanayohudumia wanafunzi wa Makerere, zimefungiwa katika vizimba vya nondo, zikingoja. Umeme ukijaa Karuma, haumfai mwenye saluni ikiwa transfoma ya mtaani kwake imeungua.

Sehemu mbili zilizopita zilihusu betri na dizeli. Zamu hii ni ya oili, na huwezi kuielewa vizuri oili bila kuijua kwanza injini iliyowafundisha watu wa Afrika Mashariki kuitunza: Lister.

Kiwanda cha R. A. Lister kilianzishwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, Uingereza. Karibu na mwaka 1930 kilianza kuuza injini ya dizeli ya aina ya CS, nzito, yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni, ikizunguka mara 600 au 650 tu kwa dakika. Injini hizo zilisaga mahindi, zikavuta maji na kuwasha taa katika misheni na mashamba ya Afrika Mashariki. Chini ya mkono wa pistoni palikuwa na kijiko kilichochota oili kila mzunguko na kuirushia beringi. Kuiwasha kulihitaji mtu mwenye misuli: afungue mgandamizo, azungushe hendeli mpaka magurudumu yapate kasi, kisha arudishe wenzo. Mtu huyo hakuweza kuwa mgeni kwa mashine yake. Aliishika kila siku, akausikia mlio wake ukibadilika, akaona tone la oili lilipodondoka.

Siku hizi jenereta nyingi za dizeli zinazotoa umeme wa hezi 50 huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Pampu husukuma oili kwa presha hadi kwenye kranki, ikipita ndani ya filta, na swichi huizima injini presha ikishuka. Ni maendeleo makubwa. Hasara yake ni kwamba kitufe cha kuwashia kimemwondoa mtu aliyekuwa akiigusa mashine kila siku, na tajiri akaamini kuwa mashine inajitunza yenyewe.

Historia ya Uganda imeshatoa onyo. Kabla ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, umeme wa Kampala ulitoka kwenye injini za dizeli. Nusu karne baadaye maji ya Ziwa Victoria yalipungua, mgawo wa umeme ukabana, na mwaka 2005 serikali ikarudi kwenye dizeli: megawati 50 za kukodi kutoka kampuni ya Aggreko, pale Lugogo, Kampala. Nafuu ya kudumu ilikuja na bwawa la Bujagali, megawati 250, mwaka 2012.

Zanzibar iliumia zaidi. Waya wa baharini kutoka Tanzania Bara uliharibika Mei 2008, kisha tena Desemba 2009, na safari hii ya pili giza lilidumu hadi Machi 2010. Hebu piga hesabu. Injini nyingi za dizeli hutakiwa kubadilishiwa oili kila baada ya saa 250. Ikifanya kazi usiku na mchana, saa hizo huisha katika siku kumi na nusu. Ikifanya saa 12 kwa siku, wiki tatu. Jenereta iliyonunuliwa kwa dharura ya jioni moja ilipaswa kubadilishiwa oili mara nne au zaidi katika miezi hiyo mitatu.

Wandegeya tatizo ni kinyume chake. Mashine hulala wiki nyingi, ikaamshwa kwa dakika kumi, ikalala tena. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu wala dizeli iliyopenya, nayo huanza kuwa na asidi inayokula beringi. Ndiyo maana watengenezaji huweka masharti mawili: idadi fulani ya saa za kazi au muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kila mwezi jenereta iendeshwe nusu saa ikiwa imebeba angalau theluthi ya uwezo wake, kisha ipumzishwe dakika chache bila mzigo kabla ya kuzimwa.

Kosa jingine ni kuihukumu oili kwa rangi. Fundi huchomoa kijiti cha kupimia oili, akaona weusi, akatingisha kichwa. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu kazi yake ni kubeba masizi yasigande kwenye pistoni. Cha kuogopesha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani maji yameingia. Au oili iliyopanda juu ya alama ilhali hakuna aliyeongeza, kwani dizeli inavuja ndani.

Hapo ndipo daftari la kumbukumbu linapohitajika. Wapo matajiri wanaolipa mamilioni kununua mashine, kisha wanamnyima mlinzi anayeiwasha daftari na kalamu, na injini ikifa wanamlaumu yeye. Hilo ni dhuluma. Anayewasha jenereta afundishwe, aandike tarehe, saa na kiwango cha oili, na alipwe kama mtunza mashine.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Wandegeya huelekea mfereji wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi, ikipitia makazi ya watu ambao hata jenereta hawana. Uongozi wa soko la Wandegeya unaweza kuweka pipa moja lenye mfuniko, na kila fundi amwage humo anachotoa. Sehemu ya nne itahusu rejeta na maji yake.