Watoto waliohesabiwa kwa rangi

Wiki iliyopita katika somo la biolojia mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Madame, serikali inaweza kujua mtu ni wa nani kwa kuangalia ngozi yake?" Wenzake wakacheka. Wote walijua anamsema nani. Darasani kuna kijana ambaye baba yake alikuwa mgeni, akapita, akaenda zake. Mtaani wanamuita "muzungu", na mama yake anasikia.

Siku hiyo nilijibu "hapana" na kuendelea na somo. Lakini swali hilo liliisha kuulizwa katika inchi yetu, na serikali ya wakati ule ilijibu "ndiyo".

Chini ya Wabeleji, mtoto wa mama mweusi na baba mzungu alikuwa na fungu lake peke yake katika makaratasi: metisi. Agenti wa serikali alimtafuta mpaka kijijini. Hakuuliza kama mtoto angali ananyonya, wala kama kwa babu yake kuna chakula. Na tazama namna walivyopima: damu ya baba ilitosha kumtoa mtoto mikononi mwa mama, lakini haikutosha kumpa jina la baba.

Mabibi watano waliochukuliwa namna hiyo kati ya 1948 na 1953, mbele ya kufikisha miaka 7, walipelekwa misioni ya Katende, huko Kasai. Uhuru ulipofika na vita kuanza, waliachwa pale. Wakiwa wazee waliishitaki serikali ya Ubeleji. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni, lakini mwaka 2021 tribinali ya Brussels ilikataa mashitaka yao. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ilisema ile ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50.000.

Sasa biolojia. Rangi ya ngozi haitoki kwenye jeni moja. Ni jeni nyingi, kila mzazi akichangia zake, na zinachanganyika upya kwa kila mimba. Ndiyo maana tumbo moja linazaa mweupe kidogo na mweusi sana, na majirani wanaanza kunong'ona bure. (Wangapi kati yetu wameteswa na mama mkwe kwa jambo hilo?) Mstari kati ya "metisi" na "asiye metisi" hauko ndani ya mwili. Mtu wa ofisi ndiye aliyeuchora.

Leo sheria yetu inasema lugha nyingine. Kifungu cha 591 cha Kode ya Familia kinataka kila mtoto wa Kongo awe na baba, na kinakataza mtu yeyote kumkana mtoto wake, awe wa ndoa au wa inje. Baba akitoroka, tribinali inaweza kumpa mtoto baba wa kisheria, na anatafutwa kwanza ndani ya ukoo wa mama. Mjomba anaweza kuwa baba kwa karatasi. Na kwa sheria ya mwaka 2004, mama Mukongomani anampa mtoto wake uraia, hata baba awe mgeni.

Lakini karatasi haijiandiki. Mtoto anaandikishwa kwa etasivili mbele ya siku 90, na mama anaweza kwenda peke yake, hahitaji kumngoja mwanaume. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali.

Yule kijana wangu hana cheti. Mama yake alikuja kuniona Ijumaa. Kwa miaka yote hii alikuwa anaona haya, akifikiri watamuuliza juu ya ile rangi. Jumatatu ninamsindikiza, pamoja na kaka yake mkubwa ambaye amekubali jina lake liandikwe. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani, aje na karatasi ya materinite kama anayo, na mashahidi wawili. Tunaondoka saa mbili asubuhi, mbele ya soko.