Maskini Mno Kupata Ruzuku

Mwaka 2018, katika jimbo la Idaho, Marekani, mtu mzima asiye na mtoto aliyeingiza dola 13,000 kwa mwaka aliweza kupewa ruzuku ya kununulia bima ya afya. Jirani yake wa dola 11,000 hakupata hata senti. Karani hakukosea, ndivyo sheria ilivyosomeka.

Sheria ya afya ya Rais Obama ya 2010 iliwapanga wasio na bima kwa kipato. Maskini kabisa wangeingia Medicaid, bima ya umma; waliowazidi kidogo wangenunua bima za kampuni kwa ruzuku. Kwa kuwa maskini walishatengewa mahali pao, ruzuku ilianzia kwenye mstari wa umaskini, dola 12,000 na ushei kwa mtu mmoja. Kisha mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid. Idaho ikakataa kuipanua. Huko, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hakuipata Medicaid hata kama hana kitu, na mzazi aliipoteza kipato chake kikipita takriban robo tu ya mstari huo. Wanaharakati walihesabu watu 62,000 waliobaki katika pengo la katikati, wengi wao wenye kazi za ujira mdogo.

Bunge la jimbo lilizungusha suala hili miaka kadhaa bila kulimaliza. Mwaka 2017 Luke Mayville na wenzake wawili wa mji mdogo wa Sandpoint wakaanzisha Reclaim Idaho, wakalipaka rangi ya kijani gari kuukuu la safari na kuzunguka nalo jimboni. Sheria za Idaho huruhusu wananchi kupeleka hoja kwenye kura, ila masharti ni magumu: saini za asilimia 6 ya wapigakura waliosajiliwa, yaani 56,192, na tena asilimia hiyohiyo katika wilaya 18 kati ya 35 za uchaguzi. Saini za mjini Boise pekee zisingetosha. Kwa maoni yangu kikwazo hiki ndicho kilichowajenga, maana kiliwapeleka kubisha hodi vijijini, kwa wapigakura wa chama cha Republican ambao jina la Obama pekee lingewafanya wafunge mlango. Hoja waliyokwenda nayo ilikuwa ya kodi: serikali kuu ingelipa asilimia 90 ya gharama, basi fedha zetu zirudi nyumbani.

Novemba 2018 hoja ilipita kwa takriban asilimia 61. Siku hiyohiyo wapigakura walimchagua Brad Little wa Republican kuwa gavana.

Kushinda kura si kupata kadi ya bima. Jimboni Maine wananchi walipiga kura kama hiyo mwaka 2017, gavana Paul LePage akakaa nayo mpaka akaondoka madarakani. Huko Idaho, wapinzani walikimbilia mahakamani, wakashindwa, na huduma zikaanza Januari 2020. Mwaka 2021 bunge likapitisha sheria iliyotaka saini za hoja kama hizo zikusanywe katika wilaya zote 35. Mahakama ya jimbo ikaifuta sheria hiyo.

Sasa pengo linarudi kwa mlango wa makaratasi. Sheria ya shirikisho ya Julai 2025 inawataka watu wengi walioingia kwa upanuzi huu wathibitishe saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kwa mwezi, ifikapo Januari 2027, na haki yao ihakikiwe kila miezi sita. Arkansas ilipojaribu sharti la namna hiyo mwaka 2018, watu wapatao 18,000 walipoteza bima katika miezi michache.

Boise na Twin Falls zina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili. Mwenye ndugu huko amhimize kufungua kila barua ya Medicaid inayofika, aweke stakabadhi za mshahara, na kama ni mkimbizi asiye na kadi ya ukaazi wa kudumu, aulize mapema hali yake, kwa sababu sheria hiyohiyo inawaondoa wengi wao kuanzia Oktoba 2026.