Barafu ya Bahari na Chumvi Iliyomo Ndani Yake

Maji ya bahari yakichotwa katika ufuo wa Likoni, Mombasa, na kutiwa katika friza ya nyumbani yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hayatoi bonge gumu kama la maji ya mfereji, bali barafu laini yenye unyevunyevu inayokwanguka kwa kijiko, kwa kuwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake bado ni maji. Sababu ni chumvi. Maji yanapoganda hujipanga kuwa fuwele, yaani chembe zenye mpangilio maalumu, na kwa kuwa mpangilio huo hauna nafasi ya chumvi, chumvi husukumwa kando ikajikusanya katika vijishimo vya maji makali yasiyoganda upesi.

Barafu inayofunika bahari za Aktiki na Antaktika, ambako maji huanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, ina tabia iyo hiyo. Barafu changa yenye gramu 5 za chumvi kwa kilo huwa na takriban asilimia 12 ya maji hayo makali ikiwa na nyuzi 2 chini ya sifuri, lakini asilimia 1.5 tu baridi ikifika nyuzi 20, na uwezo wake wa kupindwa bila kuvunjika huongezeka karibu mara nne. Hata bamba moja halina nguvu moja: uso wake hukazwa na hewa baridi, ilhali upande wa chini, unaogusana na bahari, hubaki karibu na nyuzi 1.8 zile zile, hivyo unene peke yake ni kipimo cha kudanganya.

Umri na mahali navyo vina uzito wake. Barafu ya Aktiki iliyovuka kiangazi husafishwa chumvi na theluji inayoyeyuka juu yake, ndiyo maana barafu kongwe ni ngumu kuliko changa na manahodha huiogopa zaidi. Kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia, kati ya Ufini na Uswidi, mito humwaga maji mengi kiasi kwamba kilo moja ya maji ya bahari haifikishi gramu 4 za chumvi, ilhali ya Mombasa ina takriban 35, na barafu ya huko hukaribia ugumu wa ile ya mtoni. Kisiwa cha Hailuoto, kilicho katika ghuba hiyo, kwa miaka mingi kimevukwa kwa feri, kama kivuko cha Likoni, ila baridi ilipokaza vya kutosha ilifunguliwa barabara juu ya bahari yenyewe, ambapo magari yaliachiana nafasi na kukatazwa kusimama, kwa maana bamba lililobeba mzigo uliotulia huendelea kubonyea polepole hadi likapasuka.