Je, Wajua? Mfupa hurefushwa kwa spana

Mtoto akizaliwa na mfupa wa muundi mfupi, daktari anaweza kuukata kwa makusudi. Kisha huuzungushia mguu pete za chuma zinazoshikwa na nyaya nyembamba zilizopenya mfupani. Kazi inayobaki ni ya mama nyumbani na spana yake, kutenganisha pete kidogo kidogo: robo milimita asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo kabla ya kulala. Milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya unajaza mwanya. Ukiharakisha, haujai; ukizembea, unaunga mapema. Mbinu hii aliibuni Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Urusi, miaka ya 1950.

Kwa anayekaa Annexe, komuni inayozunguka nyingine za Lubumbashi, naona spana ni jambo jepesi. Kazi ngumu ni kusafisha matundu ya nyaya yasipate usaha, na nauli ya kurudi kliniki kwa miezi.

Na kuhusu kuzaliwa na kasoro, utafiti uliofanyika Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 uliona kasoro za kuzaliwa zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi za migodi.