Shairi Mbele za Watu (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulitazama sheria za vina na mizani kama zilivyoelezwa na Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Leo tuingie ukumbini, maana sheria zile hazikutungwa kwa ajili ya macho peke yake.

Tuseme kijana amesimama mbele ya kikundi chake, anaghani: “Wazee mliofika, naomba msikie.” Kwenye karatasi mshororo huo hauna kasoro. Ukighaniwa, sauti inafika mwisho kabla ya mahadhi kwisha, na mkongwe aliyekaa nyuma anainua kichwa: kipande cha pili kina mizani (silabi) 7 badala ya 8. Akitia “mnisikie”, mambo yanakaa sawa. Somo hilo alilopewa mbele za watu hatalisahau, na ndiyo faida kubwa ya watunzi kukutana.

Hapa Tanzania huwezi kuzungumzia vikundi vya watunzi ukaiacha UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wasaidie kueneza siasa ya ujamaa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na mmoja wa viongozi wa chama hicho, aliikuza ngonjera kwa kazi hiyo: wahusika wawili au zaidi wanabishana kwa beti, mmoja haelewi au anapinga, mwenzake anamwelimisha, mwishowe wanakubaliana. Mnyampala alifariki mwaka 1969, kabla ya vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA kutoka mwaka 1970 na 1971. Mashuleni watoto walizikariri, wakazitoa kwenye sherehe mbele ya mgeni rasmi.

Naiheshimu sana kazi ile. Iliwapandisha jukwaani watoto wengi ambao wasingethubutu kusema hadharani. Lakini ilikuwa na gharama yake. Ubishi ambao mwisho wake unajulikana tangu ubeti wa kwanza haumpi msikilizaji nafasi ya kupinga. Hadhira ikazoea kupiga makofi, na makofi hayamwambii mtunzi ni wapi ameteleza.

Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofuata vina wala urari wa mizani, ugomvi wa wanamapokeo, wanaoshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, wanaotetea shairi huru, ukapamba moto. Kwa maoni yangu, shairi huru linahitaji masikio ya watu kuliko hata lile la mapokeo. Halina mizani ya kulishika mkono. Pumzi na vituo ndivyo vinavyolibeba, na hivyo huvijui mpaka usome kwa sauti, watu wakusikilize.

Basi naviomba vikundi vya leo, vya mijini na vya vyuoni, visimalize kikao kwa makofi na picha. Mtunzi akimaliza kusoma, abaki pale mbele. Asiyeelewa aulize, anayepinga ajibu, ikibidi kwa shairi jingine kikao kijacho, kama washairi walivyojibizana magazetini tangu enzi za Mambo Leo. Na karatasi zisigawiwe mapema: ukimpa mtu karatasi, atasoma badala ya kusikiliza.

Wiki ijayo tutaeleza mahadhi ya kughani, na kwa nini shairi lile lile hubadilika likighaniwa na mtu mwingine.